Kelele zenye sheria: Clipping na albamu yao ya Dead Channel Sky

Kuna watu ukiwatajia tu hip hop ya majaribio wanakimbia kabla hata biti haijaanza, na nawaelewa, maana chini ya hilo jina wamejificha wengi waliokosa ngoma ya maana wakaamua kumwaga makelele juu ya mistari ya kawaida afu wakategemea msikilizaji aone aibu kusema hajaelewa. Clipping sio wa hivyo. Hawa jamaa kelele zao zina sheria, zina sababu, na ukizifuatilia vizuri unakuta kila mlio umewekwa pale kusimulia kitu. Albamu yao ya Dead Channel Sky, iliyotoka tarehe 14 Machi 2025 chini ya lebo ya Sub Pop, ndo imenifanya niandike haya yote, kwa sababu naona wengi wameipita haraka, wamesikia modemu (kile kifaa cha zamani cha kuingiza kompyuta mtandaoni kwa laini ya simu) na tekno ya kizamani, ule muziki wa madisko unaopigwa na mashine, wakadhani ni watu wazima wanakumbuka ujana wao, wakaenda zao. Hapana aisee. Kuna mzigo mule ndani. Vuta kiti.

Kwa ambao hawawajui: ni watatu, makao yao Los Angeles. Daveed Diggs ndo anachana, mtoto wa Oakland. William Hutson na Jonathan Snipes ndo wapishi wa sauti. Jina lao wenyewe wanaliandika kwa herufi ndogo tupu na nukta mwishoni, mi hapa naandika Clipping tu ili sentensi zisikatikekatike. Mwanzoni kabisa, kwenye mwaka 2009 hivi, walikuwa Hutson na Snipes peke yao, wanachukua sauti za wachanaji wakubwa wa redioni, wanatoa biti yote unabaki mdomo mtupu, afu chini yake wanaweka milio ya kukwaruza na mivumo. Diggs akaja baadaye na hapo ndo likawa kundi kweli. Wengine mnamjua huyu Diggs kwa njia nyingine kabisa, ndo yule aliyecheza Lafayette na Jefferson kwenye Hamilton, ule mchezo wa jukwaani wa kuimba, kule Broadway, New York, akaondoka na tuzo ya Tony ya waigizaji wa jukwaani mwaka 2016. Kabla ya hayo alisoma Brown University na alikuwa anakimbia mbio za kuruka viunzi, tena akavunja rekodi ya chuo. Nataja hilo kwa sababu pumzi zake zinaonekana kwenye michano. Anachana kwa spidi ambayo wengine wangemeza nusu ya maneno, yeye unasikia kila silabi, herufi ya mwisho inafika nzima, hata pale Hutson na Snipes wanapofanya kila wanachoweza kumzika chini ya kelele.

Sasa kuna sheria moja waliyojiwekea ambayo mi naona ndo roho ya kundi zima: Diggs hachani kwa nafsi ya kwanza. Hakuna mimi. Hebu pima uzito wa hilo. Hip hop toka Bronx mpaka leo imejengwa juu ya mtu anayesimama mbele ya maiki kusema mimi ni nani, nimetoka wapi, nimepitia yapi, na wewe huniwezi. Ukitoa mimi umetoa majigambo, umetoa ushuhuda, umetoa karibu nusu ya silaha za mchanaji. Kinachobaki ni macho tu. Inabidi aseme yule kafanya hivi, mkono umeenda pale, mlango umefunguka, wewe unakimbia, wao wako nyuma yako. Na kwa sababu hakuna mimi, huwezi kujituliza kwa kusema basi hayo ni maisha yake huko. Unabaki na tukio lenyewe, na mara nyingi tukio ni baya, na hakuna mtu pale kati wa kukuambia ujisikieje. Nimesikiliza wachanaji wengi wazuri wa kusimulia lakini nidhamu ya namna hii, ya kuishika mwaka baada ya mwaka, albamu baada ya albamu, sijaiona kwingine.

Kwenye sauti nako kuna nidhamu yake. Ngoma ninayowapaga watu wa kuanza nao ni Get Up, ipo kwenye albamu yao ya CLPPNG ya 2014. Biti yake ni saa ya kuamshia. Yani ule mlio wa titi-titi-titi unaokutoa kitandani ukiwa na hasira, ndo huo huo, unaanza na wimbo na hauondoki. Mwanzoni unakera mpaka unatafuta pa kuuzima. Diggs anaingia anachana juu yake, anafuata titi zile zile, na taratibu sikio linaanza kuzihesabu kama hesabu ya biti, afu inakuja korasi inaimbwa na Mariel Jacoda, melodi nzuri kabisa ya kuimbika, imekaa juu ya ule ule mlio, na ghafla unagundua kile kitu kilichokuwa kinakukera dakika mbili zilizopita sasa hivi ndo kinaushikilia wimbo mzima. Hakijabadilika. Kimebaki vile vile, kimepewa tu kazi.

Mafundi wa studio wanaujua ule mkwaruzo, kwa Kiingereza unaitwa clipping, unaotokea sauti ikizidi uwezo wa mtambo, kilele cha wimbi kinakatwa kinakuwa bapa na spika inaanza kulia vibaya. Kazi ya fundi siku zote ni kuufukuza. Hawa wakaujengea nyumba.

Na wanaenda mbali. Albamu ya 2019, There Existed an Addiction to Blood, inafungwa na Piano Burning, zaidi ya dakika 18 za piano inayoungua moto. Sio mchezo wa maneno, ni piano halisi, kazi ya mtunzi Annea Lockwood ambaye aliiandika mwaka 1968, na masharti yake ni kwamba piano iwe imeshakufa, haitengenezeki tena. Unasikia mbao zinapasuka, moto unavuma, na mara moja moja waya unakatika kwa joto unatoa mlio wake wa mwisho. Mtu mwenye haraka atasema huo sio muziki. Mi nimeisikiliza yote nikiwa nimekaa kimya na naona ilikuwa njia sahihi kabisa ya kumaliza albamu ya hofu na damu, maana baada ya hadithi zote zile za kutisha hakuna mstari ambao ungeweza kufunga vizuri kuliko hivyo.

Historia yao nyingine naipitisha haraka. Rekodi yao ya midcity walianza kuigawa bure mtandaoni mwaka 2013, mwaka huo huo Sub Pop wakawachukua. 2016 ikaja Splendor & Misery, hadithi moja toka mwanzo mpaka mwisho, ya mtumwa aliyebaki hai peke yake baada ya uasi ndani ya chombo cha anga, na kompyuta ya chombo inampenda. Hiyo ikapendekezwa kwenye tuzo za Hugo, ambazo ni tuzo za hadithi za kubuni za kisayansi, na kuona albamu ya rap pale ilikuwa jambo la nadra sana. Mwaka uliofuata wakatoa wimbo wa The Deep, na huo nao ukapendekezwa Hugo. Afu zikaja mbili za kutisha, 2019 na 2020, ya pili inaitwa Visions of Bodies Being Burned. Baada ya hapo kimya cha albamu mpaka 2025.

The Deep nataka niiseme kidogo kwa sababu ndo mlango wa kuingilia hii albamu mpya. Ule wimbo umejengwa juu ya simulizi ya Drexciya, kundi la tekno la Detroit la miaka ya 90 ambalo halikuwa na maneno karibu kabisa, ila kwenye maandishi ya rekodi zao walisimulia kwamba wale wanawake wajawazito wa Kiafrika waliotupwa baharini kutoka kwenye meli za watumwa, watoto wao walizaliwa chini ya maji wakajifunza kupumua huko, wakajenga taifa. Hiyo simulizi ilikuwa imelala kwenye sahani za santuri za madisko. Clipping wakaichukua wakaipa sauti ya mtu anayechana. Yani tayari walikuwa wanasema, kimya kimya, kwamba tekno na hip hop ni watoto wa mama mmoja, na kwamba tekno nayo ni kumbukumbu ya watu weusi hata kama kwenye matangazo ya matamasha ya Ulaya huwezi kuliona hilo.

Dead Channel Sky inalisema hilo kwa sauti kubwa, saa nzima.

Jina lenyewe linatoka kwenye mstari wa kwanza wa riwaya ya Neuromancer ya William Gibson, 1984, ile anapofananisha rangi ya anga na televisheni iliyowekwa kwenye stesheni isiyo na matangazo. Kitabu hicho ndo kiliwasha ule ulimwengu wa saibapanki, wadukuzi, makampuni makubwa kuliko serikali, mitaa michafu yenye mashine za kisasa. Kuna wimbo humu unaitwa Mirrorshades pt. 2, na Mirrorshades ndo ule mkusanyiko wa hadithi fupi wa 1986 uliohaririwa na Bruce Sterling. Kwahiyo jamaa wamesoma, hawajachukua tu taa za neoni na miwani myeusi.

Inaanza na modemu. Wale wa zamani wanaukumbuka ule mlio, miluzi miwili, afu mikwaruzo, afu mvumo kama mvua kwenye bati. Ule mlio ulikuwa mazungumzo: mashine mbili kwenye waya wa simu wa kawaida, waya uliotengenezwa kubeba sauti ya binadamu, zinaulizana we unaweza spidi gani, laini yako ina uchafu kiasi gani, tukubaliane tuongee hivi. Na tuliusikia kwa sababu spika ya modemu iliachwa wazi makusudi ili mtumiaji ajue kama laini imeshika au simu imepokelewa na mtu. Mashine zikishakubaliana spika inazimwa. Kuanzia hapo zinaongea na wewe husikii kitu. Sasa Diggs anaingia hapo hapo, anachana kwa kasi ile ile ya data, na mi nikajikuta nawaza kwamba hapa ndo albamu nzima ilipo. Hawa wanarudi kwenye ile dakika ambayo bado tulikuwa tunasikia mashine zikikubaliana, kabla hazijanyamaza zikaanza kufanya mambo yetu bila sisi kusikia.

Na kwa nini hip hop iwe ndo chombo cha kusimulia hilo? Hapa lazima turudi kwenye mashine. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa na wenzake walitoa Planet Rock, melodi imetoka kwa Kraftwerk wa Ujerumani, ngoma zimetoka kwenye Roland TR-808, mashine ya kupigia ngoma. Mwaka 1983 kule Detroit Juan Atkins na Cybotron yake wakatoa Clear. Weka hizo ngoma mbili pamoja uniambie ipi hip hop ipi tekno. Huwezi. Mwaka mmoja wa tofauti, mashine za familia moja, vijana weusi wa miji iliyokuwa inafungwa viwanda. Hiyo 808 ilitengenezwa toka 1980 mpaka 1983 tu, ikasitishwa, watu wa studio walikuwa wanaona ngoma zake ni za bandia, zikaishia kwenye maduka ya vitu vilivyotumika kwa bei ya kutupa, na waliozinunua ndo wakaja kubadilisha muziki wa dunia. TB-303 vile vile, Roland waliitengeneza iwe besi ya kumsindikiza mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake, ikafeli vibaya, ikaokotwa Chicago wakakunja vinobu vyake mpaka ikaanza kulia kama kitu hai, ikazaliwa acid house, aina ya muziki wa madisko. Chukua Amen break, sekunde kama 6 za ngoma alizopiga Gregory Coleman wa The Winstons mwaka 1969, upande wa pili wa santuri ambao hakuna aliyeujali. Hip hop Marekani ikazichukua kwenye miaka ya 80, jungle, muziki wa kudansi wa kasi, Uingereza ikazichukua kwenye miaka ya 90 ikazikimbiza mara mbili, na Coleman mwenyewe amefariki 2006 bila kulipwa chochote kwa hizo sekunde.

Hiyo ndo saibapanki halisi, na haikuandikwa na mtu yeyote. Vifaa vya makampuni makubwa, vilivyotupwa, mikononi mwa watu ambao hawakuwa kwenye mpango. Clipping wameliona hilo wakatengeneza albamu ambayo inakaa kama mikstepu iliyookotwa kutoka kwenye historia nyingine, historia ambayo hip hop na muziki wa madisko ya usiku kucha havikutenganishwa kwenye mashelfu tofauti ya duka. Humu kuna acid, kuna drum and bass, kuna yale mabiti mazito ya Kiingereza ya katikati ya miaka ya 90, Change the Channel ina hasira kabisa za zama zile, ukiwasha kwa sauti ndogo umejidhulumu.

Dominator ndo inayonifurahisha zaidi ukitafakari walichofanya. Jina na sampo (kipande cha sauti kilichokatwa kwenye wimbo mwingine) vinatoka kwenye Dominator ya Human Resource, ngoma ya Uholanzi ya 1991 iliyotikisa madisko, ina ule mlio mzito wa kinanda cha umeme unaovuta kama mashine ya kufyonza vumbi. Ule wimbo wa asili maneno yake yote ni majigambo, mimi mkubwa, mimi hatari, mimi peke yangu. Watu wa Rotterdam wanaiga majigambo ya rap juu ya tekno. Sasa mwaka 2025 unaletwa kwenye kundi ambalo mchanaji wake haruhusiwi kusema mimi kabisa. Yani jigambo lenyewe limebaki kwa mashine, limebaki kwenye sampo, na mtu aliye hai anasimama pembeni anaeleza kinachoendelea. Hapo nilirudisha nyuma mara nyingi tu. Ni uandishi wa hali ya juu na umefanywa kwa sauti badala ya maneno.

Run It nayo, ilikuwa kati ya zile za kwanza kutangulia, inajengwa juu ya mapigo yanayosukuma bila kukupa nafasi ya kupumua, unasubiri ngoma idondoke na wao wanajua unasubiri, wanakunyima, wanakunyima tena. Kwenye disko hii mbinu inaishia na watu kuruka. Hapa inaishia na wasiwasi, na kwa hadithi za watu wanaowindwa na mifumo nadhani wasiwasi ndo hisia sahihi.

Wageni wamechaguliwa vizuri, sio wa kuongeza majina. Scams wamemleta Tia Nomore, wa Oakland kama Diggs, ambaye pia aliigiza kama mhusika mkuu kwenye filamu ya Earth Mama ya 2023. Anaingia na ule mwendo wa Bay Area, ukanda wa Oakland na San Francisco, wa kuegemea nyuma kidogo ya biti, anacheka ndani ya mistari, na wimbo wa utapeli unapata mwili. Diggs anaeleza, Tia anaishi. Inakuonyesha pia gharama ya ile sheria ya Diggs, maana mtu mwenye mimi akitokea chumba kinapata joto papo hapo. Cartel Madras, wale dada wawili wa Calgary, Canada, wapo kwenye Mirrorshades pt. 2 ambayo ndo ngoma ya kudansi kuliko zote humu. Nels Cline, mpiga gitaa wa bendi ya Wilco, anapita kwenye Malleus kwa muda mfupi.

Afu Aesop Rock kwenye Welcome Home Warrior. Kwa wasiomjua, mwaka 2014 Matt Daniels alichambua mistari ya wachanaji kwa kuhesabu maneno tofauti ndani ya maneno 35,000 ya kwanza ya kila mmoja, Aesop Rock akawa kileleni na maneno 7,392, amewaacha wengine mbali sana. Mtu kama huyo ukimweka pembeni ya Diggs unategemea vita ya spidi na misamiati. Haikuwa hivyo. Sauti yake nzito ya puani inaushusha wimbo chini, inaupa mchanga, na ghafla Diggs anasikika msafi zaidi. Ni kolabo ambayo wote wawili wamesikilizana, na siku hizi ambapo vesi zinatumwa kwa imeli na mtu hajui hata wimbo unahusu nini, hilo tu linatosha kunifurahisha.

Sasa niongee kuhusu lebo, kwa sababu albamu kama hii haitoki popote tu.

Sub Pop ni wa Seattle. Ilianza kama jarida dogo la mashabiki la Bruce Pavitt mwanzoni mwa miaka ya 80, baadaye akaungana na Jonathan Poneman ikawa lebo kamili. Watu wanaijua kwa bendi ya rock ya Nirvana, ile albamu ya Bleach ya 1989 iliyorekodiwa kwa dola 606.17, na kwenye kava wakaandika kabisa dola 600. Ikaja kuuza zaidi ya nakala milioni moja baada ya bendi kuwa kubwa. Mwaka 1995 Warner wakanunua asilimia 49 ya Sub Pop kwa karibu dola milioni 20, kwahiyo kuna watu wanasema sio lebo huru tena, na hoja yao ina msingi, pesa ya kampuni kubwa ni pesa ya kampuni kubwa. Mi naangalia ile asilimia 51. Anayeamua nani asainiwe na albamu itoke lini bado yuko ndani ya nyumba. Na matunda yake kwa upande wa hip hop yanaonekana: Shabazz Palaces, kundi la Seattle la Ishmael Butler aliyekuwa kundi la Digable Planets, walitoa Black Up pale mwaka 2011, na Butler mwenyewe baadaye akafanya kazi ndani ya lebo ya kutafuta vipaji. Ule mlango ulikuwa umeshafunguliwa Clipping walipofika. Nyuma yao pia kuna Deathbomb Arc, lebo ndogo kabisa ya Los Angeles iliyoshirikiana nao kwenye Splendor & Misery, hao hao ndo walitoa albamu ya Veteran ya mchanaji JPEGMAFIA mwaka 2018. Lebo za namna hii haziimbwi, ila ukifuatilia muziki wowote wa ajabu unaoupenda, ukirudi nyuma hatua mbili unakuta mtu mmoja na meza yake na mabahasha ya kutuma kaseti.

Linganisha na Death Grips wa Sacramento, ambao watu wanapenda kuwaweka kapu moja na Clipping. Wao 2012 waliingia Epic, kampuni kubwa kweli kweli. Mwaka huo huo wakatoa albamu moja, na ya pili wakataka itoke lini wanavyotaka wao, wakaona lebo inachelewa, wakaimwaga mtandaoni bure Oktoba 2012 bila ruhusa. Muda mfupi baadaye mkataba ukavunjwa. Hadithi tamu, mashabiki tunaipenda, ila ukitoa utamu inabaki kwamba kampuni yenye kalenda ya robo mwaka na muziki usiojua utaisha lini haviwezi kulala kitanda kimoja. Lebo huru mara nyingi inakupa pesa kidogo ya kuanzia, afu gharama zikirudi mnagawana nusu kwa nusu au karibu na hapo, na inakubali kwamba albamu itauzwa polepole kwa miaka. Clipping wamekaa Sub Pop toka 2013 na ni wale wale watatu. Wakakaa bila albamu mpya toka 2020 mpaka 2025 na hakuna aliyewalazimisha kutoa ngoma ya kujikumbusha. Na tuseme ukweli mwingine, Diggs ana uigizaji na Snipes anatunga muziki wa filamu, jikoni kunawaka moto bila kutegemea kundi. Wachanaji wengi wa majaribio hawana hiyo njia, na vipaji vingi vinaishia albamu ya pili kwa sababu hiyo tu. Lebo peke yake haitoshi.

Niseme na yasiyonikalia vizuri. Albamu ina track 20 na sio zote zina sababu ya kuwepo. Vile vipande vya katikati visivyo na michano, kingine cha milio ya kompyuta walichofanya na wageni wao Bitpanic, naelewa vinajenga ile hali ya kuhamisha stesheni, lakini ukisikiliza safari nzima vinakata pumzi pale ambapo hadithi ilikuwa inapanda. Splendor & Misery ilikuwa na mtu mmoja, ukamjua, ukamhofia, mwisho ukaondoka na jina lake ambalo hata halikuwa jina, lilikuwa namba. Humu watu wanapita wengi, tapeli, mpiganaji, mdukuzi, na kila mmoja amechorwa kwa ustadi, ila nikiulizwa leo nimtaje mmoja wa kulia naye, simpati. Nadhani wamechagua hivyo kwa makusudi, mikstepu ni mikstepu, na ulimwengu wanaouongelea ndo ulivyo, watu wanakupita kwenye skrini. Nakubali sababu. Moyo wangu bado uko kwenye ile ya 2016.

Lakini upande wa sauti hii ndo kazi yao iliyokamilika kuliko zote, hapo sina wasiwasi. Zamani kelele zao zilikuwa zinasimama peke yake dhidi ya Diggs, yeye huku zenyewe kule, wanapigana. Sasa hivi zinadansi. Wamechukua muziki ambao watu walikuwa wanauenda kusahau shida zao usiku mzima, wakaweka juu yake shida zenyewe, na bado mguu unatikisika. Hilo gumu kuliko kupiga kelele.

Kama unaanza kabisa, anza na Get Up, halafu The Deep, ukishavizoea hivyo viwili ndo uje huku na uisikilize kwa mpangilio walioupanga, usichanganye, na tumia hedifoni nzuri maana vitu vingi vimefichwa pembeni kabisa ya sikio. Ask What Happened mwishoni ipe muda wake wote. Na ukifika Welcome Home Warrior weka simu chini, rudia vesi ya Aesop Rock mpaka uisikie vizuri, ina vyumba vingi.